Ravenna, Durham, Chartres au Borgund: kanisa lipi la kale ulifungie safari?

Ulaya ina makanisa ya kale mengi kuliko likizo ya mtu yeyote. Anayetoka Dar au Nairobi na viza ya wiki mbili, au mwanafunzi aliyeko Ujerumani anayedunduliza nauli ya treni, kila mji anaofika ataambiwa kuna kanisa ambalo hapaswi kulikosa. Baada ya kanisa la sita yote huanza kufanana: mawe, mishumaa, kaburi la askofu, kaduka ka kadi mlangoni. Heri uchague moja ulikalie nusu siku kuliko kupita kumi mbiombio ukiwa umeinua simu.

Nimeyaweka manne pamoja hapa. La kwanza ni San Vitale na wenzake mjini Ravenna, Italia, ya karne ya 5 na 6. La pili ni kanisa kuu la Durham, kaskazini mwa Uingereza, lililoanza kujengwa 1093. La tatu ni kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, lililojengwa upya baada ya moto wa 1194. La nne ni kanisa la mbao la Borgund, Norwei, la mwishoni mwa karne ya 12. Basilika la Mtakatifu Petro la Roma nimeliacha makusudi, maana jengo la sasa lilianza 1506 na mbele ya haya manne ni mdogo mtu. Notre-Dame ya Paris nayo haihitaji mpigadebe.

Nilivyoyapima

Vigezo ni vinne, na havina uzito sawa. Cha kwanza, ambacho kwangu ndicho kikubwa, ni jengo lenyewe: linasimamaje, na mwanga unaingiaje ndani. Cha pili ni historia unayoweza kuinyooshea kidole ukutani, si ile ya kusimuliwa tu na mtembeza wageni. Cha tatu ni ibada, yaani kama bado pana uhai au pamebaki makumbusho. Cha mwisho ni mambo ya mfukoni: njia, viza, kiingilio, baridi.

Paa na mwanga

Paa la mawe lililojengwa kwa matao halitulii. Linasukuma kuta kwenda nje usiku na mchana, karne baada ya karne. Ukitaka kuta zisipasuke, zifanye nene. Ukizifanya nene, madirisha yanabaki vitundu na ndani panakuwa giza. Kila jengo kati ya haya manne limeijibu shida hiyo kwa namna yake, na mtu akishaielewa, hata kanisa dogo la kijijini huanza kumsemesha.

Mafundi wa Ravenna walipunguza mzigo. San Vitale, lililotabarukiwa 547, lina pembe nane, na kuba yake haikujengwa kwa mawe bali kwa vibomba vya udongo wa kuchoma, vitupu ndani, vilivyochomekwa kimoja kwenye kingine na kuzungushwa hadi juu. Kwa nje ni matofali matupu; unaweza kulipita ukadhani ni ghala la zamani. Ndani kuta zimefunikwa mozaiki, vipande vidogo vya mawe na vioo. Vile vya dhahabu vina utando mwembamba wa dhahabu uliofungiwa kati ya kioo na kioo. Havikulazwa bapa: kila kipande kina mwinamo wake, hivyo ukisogea hatua moja mng'ao unahama na wewe. Simu haiwezi kulipiga picha jambo hilo, usijisumbue.

Durham walichagua nguvu. Nguzo za ukumbini ni nene kiasi kwamba mzunguko wa nguzo moja unalingana na urefu wake, takriban mita 6.6, na zimechongwa mifereji ya kina: nyingine zigizaga, nyingine za kujizungusha kama kamba. Lakini werevu wenyewe uko juu. Dari ni ya mawe, imebebwa na mbavu za mawe, na matao makubwa yanayovuka ukumbi yana ncha badala ya kuwa nusu duara. Tao lenye ncha hushusha uzito kwa wima zaidi, likapunguza ule msukumo wa kwenda nje. Dari hiyo ilikamilika 1133, na ndiyo inayolifanya Durham lihesabiwe kati ya majengo yaliyoufungulia njia mtindo wa Kigothi, ule wa matao yenye ncha na madirisha makubwa. Hata matao ya kuegemeza kuta walikuwa wameshayabuni, ila waliyaficha chini ya mapaa ya pembeni. Mwanga wa humo ni wa kijivu, mtulivu. Mtu haendi Durham kutafuta rangi.

Rangi ziko Chartres. Waliojenga huko walichukua mbavu na matao yenye ncha, kisha wakayatoa mategemeo nje hadharani: matao ya mawe yanayoruka hewani kutoka kwenye nguzo za nje hadi ukutani, kuupokea msukumo wa dari iliyo karibu mita 37 juu. Ukuta ukatuliwa mzigo. Na ukuta usio na mzigo unaweza kuondolewa na mahali pake pakatiwa kioo. Madirisha ya vioo vya rangi yako 176, na mengi bado ni vioo vilevile vya karne ya 12 na 13. Wakati wa vita vyote viwili vya dunia yalifunguliwa kipande kwa kipande yakafichwa. Tafuta upande wa kusini dirisha la Bikira Maria aliyempakata Mtoto, vazi lake la buluu likiwa juu ya wekundu. Sehemu yake ya katikati ni ya kabla ya moto wa 1194. Buluu ile ni nyepesi, karibu ya maji, tofauti kabisa na buluu nzito ya madirisha ya jirani yaliyotengenezwa miongo kadhaa baadaye. Nenda siku ya jua, na ukiweza beba darubini ndogo, kwa sababu nusu ya uzuri uko juu kuliko macho yanavyofika. (Aliyezoea kusali Mtakatifu Yosefu pale Dar es Salaam ameshayaona matao haya yenye ncha, ukoo wake ni huku.)

Borgund walikataa mawe kabisa. Kanisa lote ni msonobari, limepakwa lami inayotokana na msonobari wenyewe mpaka limekuwa jeusi, mapaa yamepandana moja juu ya jingine, na kwenye ncha zake kuna vichwa vya mazimwi vimetoa ulimi. Lililonusuru jengo hili liko chini, mahali ambapo wageni wengi hawatazami. Makanisa ya mbao ya kwanza huko Norwei yalichimbiwa nguzo ardhini, nazo zikaoza miguuni. Wajenzi wa baadaye wakaweka kwanza msingi wa mawe, juu yake magogo mazito ya kulala, na nguzo wakazisimamisha juu ya magogo hayo, mbali na unyevu. Ndani pana giza hasa: mwanga unaingia kwa vitundu vichache vya mviringo karibu na paa, na inabidi usimame dakika kadhaa kabla macho hayajazoea. Harufu ya lami hukupokea hata kabla hujaona kitu. Kwa anayetaka ukubwa, Borgund litamwangusha. Ni dogo, unalimaliza kwa hatua chache.

Historia ya kunyooshea kidole

Hapa Ravenna ina utajiri usio wa haki. Mji huu ulikuwa makao ya makaizari wa Roma ya Magharibi tangu 402, kisha ukawa wa Theodoric, mfalme wa Waostrogothi, na mwaka 540 ukatwaliwa na majeshi ya Kaizari Justinian wa Konstantinopoli. Theodoric alikuwa Mwariani, mfuasi wa mafundisho yaliyokana kwamba Mwana ni sawa na Baba. Alijijengea kanisa la ikulu, ambalo leo linaitwa Sant'Apollinare Nuovo, na ukutani akachorwa kwa mozaiki mbele ya ikulu yake pamoja na watu wake. Utawala ulipobadilika, kanisa likakabidhiwa Wakatoliki na Askofu Agnellus, kuanzia 561, akaagiza picha hizo zifutwe. Mafundi wakaondoa watu wote waliosimama kati ya nguzo na kuweka mapazia meupe mahali pao. Sasa tazama nguzo zenyewe. Kwenye kadhaa utaona kiganja cha mkono, au kipande cha mkono mzima, kikiwa bado kimebaki juu ya nguzo bila mwenyewe. Ni hitilafu ya kazi ya karne ya 6, na inaeleza mapinduzi ya kidini waziwazi kuliko bango lolote la maelezo.

Dakika chache kwa miguu ni San Vitale, na huko walioshinda wamejichora wenyewe. Justinian amesimama upande mmoja wa altare na walinzi na mapadre wake. Mkewe Theodora upande wa pili na wanawake wa ikulu, na kwenye pindo la vazi lake wamefumwa wale mamajusi watatu wakipeleka zawadi. Juu ya kichwa kimoja tu, kwenye kundi la Justinian, pameandikwa jina: Maximianus, askofu aliyelitabaruku kanisa. Kaizari hakuhitaji kutambulishwa. Askofu mpya, aliyeletwa na serikali kwa watu wasiomtaka, alihitaji.

Durham historia yake ni ya watu zaidi ya picha. Watawa walikikimbia kisiwa cha Lindisfarne mwaka 875 kwa kuwaogopa Waviking, wavamizi wa baharini kutoka Skandinavia, wamebeba jeneza la Mtakatifu Cuthbert, aliyekuwa askofu wao, na baada ya kuhamahama kwa vizazi walifika Durham 995. Kanisa zima limejengwa kwa ajili ya jeneza hilo. Kaburi lipo hadi leo nyuma ya altare kuu, bamba la jiwe lililoandikwa jina lake tu, kwa sababu madhabahu ya hija yaliyokuwa juu yake yalivunjwa wakati wa Mfalme Henry VIII. Upande wa pili wa jengo amezikwa Beda, mwanahistoria mkubwa wa Waingereza wa kale, aliyefariki 735. Mlangoni kuna kipete cha shaba chenye sura ya mnyama. Kilichopo ni nakala, cha asili kimehifadhiwa ndani. Mhalifu aliyekishika alipewa hifadhi ya siku 37 akubaliane na wanaomsaka au aihame nchi. Na sakafuni, upande wa magharibi, kuna mstari wa jiwe jeusi. Zama za watawa, mwanamke hakuruhusiwa kuuvuka. Simama juu yake, upime mwenyewe umbali uliobaki hadi kwenye altare. Ukweli mwingine usiopendeza: mwaka 1650, baada ya vita vya Dunbar, wafungwa wa Kiskoti wapatao 3,000 walifungiwa humu, na wengi walikufa kwa njaa na magonjwa.

Chartres lilikuwa kanisa la hija kwa sababu ya kitambaa kinachoheshimiwa kuwa vazi la Bikira Maria, zawadi ya Mfalme Charles Mpara mwaka 876. Moto wa 1194 ulipoteketeza jengo, watu walidhani kitambaa nacho kimekwenda. Kilipopatikana salama chumba cha chini, wakachukulia kwamba Bikira mwenyewe anataka nyumba kubwa zaidi. Kazi kubwa ikaisha kwa muda wa miaka 30 hivi, upesi usio wa kawaida kwa jengo la aina hiyo, na ndiyo maana ndani lina umoja ambao makanisa mengi ya rika lake hayana. Nje hakuna umoja wowote: mnara mmoja ni wa karne ya 12, mnyofu na mtulivu, wa pili uliwekewa kilele kipya kuanzia 1507, umejaa nakshi, na haujaribu hata kidogo kufanana na mwenzake. Kwa historia ya watu wadogo, inama utazame sehemu za chini za madirisha. Chini ya kisa cha Nuhu kuna maseremala na watengeneza mapipa kazini. Kwingine wako waoka mikate, washona viatu, wabadilisha fedha. Wanahistoria bado wanabishana kama walichangia madirisha hayo au walichorwa tu.

Ubishi mwingine ni wa juzi. Tangu 2009 kuta za ndani zimesafishwa masizi na kupakwa rangi ya maziwa, kwa hoja kwamba ndivyo zilivyokuwa karne ya 13. Wapo waliolia kwamba giza takatifu limeibwa, hasa sanamu ya Bikira wa Nguzo, iliyozoeleka kuwa nyeusi, ilipotoka na uso mweupe. Mimi niko upande wa waliosafisha, kwa shingo upande kuhusu ile sanamu.

Borgund lina machache ya kunyooshea kidole lakini ni ya kushika moyo: maandishi ya runi, herufi za kale za Skandinavia, yaliyochongwa mbaoni na wapita njia, mmoja wao akisema alichonga jioni ya mkesha wa Mtakatifu Olav. Inakadiriwa Norwei ilikuwa na makanisa ya aina hii zaidi ya elfu moja. Yamebaki 28. Mengi yaliangushwa karne ya 19, hasa baada ya sheria ya 1851 iliyodai kanisa lienee sehemu fulani ya waumini wa parokia, na haya yalikuwa madogo mno. Borgund lilipona kwa sababu kanisa jipya lilijengwa kando yake 1868, na mwaka 1877 likanunuliwa na chama cha kuhifadhi mambo ya kale.

Bado panasaliwa?

Durham na Chartres, ndiyo, kila siku. Durham ni ya Kianglikana, na sala ya jioni inayoimbwa na kwaya ni bure kwa yeyote anayekaa kimya. Kwa maoni yangu ndiyo saa bora ya kulisikia jengo lile, maana mawe yale yanairudisha sauti taratibu. Chartres ni ya Kikatoliki, na kila Pentekoste mahujaji hutembea kutoka Paris, karibu kilomita 100 kwa siku tatu. Sakafuni kuna njia ya mizunguko yenye urefu wa mita 260 na ushei ambayo mtu huitembea akisali, ila siku nyingi imefunikwa na viti. Ulizia siku wanazoviondoa kabla ya kukata tiketi. Makanisa ya Ravenna ya watalii ni ya kutazama zaidi ya kusali. Borgund si kanisa la parokia tena.

Njia, viza na kiingilio

Viza ya Schengen inakufikisha Italia, Ufaransa na Norwei. Durham inadai viza ya Uingereza, ombi jingine na ada nyingine, na kwa wengi hapo ndipo mjadala unapoishia. Kwa mwenye makazi London hesabu inageuka: ni mwendo wa saa tatu hivi kwa treni, na unapofika stesheni kanisa liko mbele yako juu ya mwamba, mto ukiuzunguka. Kuingia ni kwa mchango wa hiari.

Chartres ndiyo rahisi kuliko zote: treni kutoka stesheni ya Montparnasse, Paris, mwendo wa saa moja na kitu, kisha kamlima kafupi. Kuingia kanisani ni bure. Ravenna unakwenda kwa treni kutoka Bologna, zaidi kidogo ya saa moja. Mji ni tambarare na mdogo, na tiketi moja inakuingiza sehemu kadhaa kwa pamoja. Borgund ni safari kweli. Hakuna treni inayofika. Unapanda basi au unakodi gari kutoka Lærdal, kama kilomita 30, kwenye barabara iliyo kati ya Oslo na Bergen. Hufunguliwa kwa wageni miezi ya joto tu, kuna kiingilio, na bei za Norwei kila mtu anazijua.

Wewe uko wapi katika haya?

Uko Paris na una siku moja ya ziada: Chartres, bila kujiuliza mara mbili, ilimradi utabiri wa hali ya hewa uonyeshe jua. Ikiwa mawingu yamefunga, bakiza siku hiyo kwa jambo jingine, maana kioo bila jua ni nusu ya kioo.

Unafundisha historia au dini, au unapenda kujua mafundisho ya imani yaligombewaje: Ravenna. Usiishie San Vitale. Viganja vya Theodoric viko kanisa jingine. Ravenna pia inamfaa anayesafiri na mzazi mwenye magoti mabovu, kwa sababu hakuna mlima na umbali kati ya kanisa na kanisa ni mfupi.

Mhandisi, fundi mwashi au mwanafunzi wa usanifu afanye Durham na Chartres kwa mpangilio huo ikiwa viza zinaruhusu, kwani swali liliulizwa Durham na likajibiwa Chartres miaka 60 baadaye. Ikibidi moja, Durham lina mafunzo zaidi kwa sababu bado linahangaika. Anayekwenda kusali naye ana haya mawili mbele yake, na hapo dhehebu na lugha ya ibada ndivyo vitakavyoamua.

Seremala, mpenda milima, au aliyechoshwa na makanisa makubwa, Borgund ni lake, hasa akiwa na wenzake wa kugawana gari. Anayekwenda Norwei kwa ajili hiyo tu aongeze na Urnes, kanisa jingine la mbao lililo na milango ya kuchongwa ya zamani zaidi, ili nauli ipate haki yake. Na kama likizo yako ni Januari, liondoe Borgund kwenye orodha kabla hujaanza kulinganisha, kisha funga sweta mbili kwa lolote utakalochagua kati ya matatu yaliyobaki.